Kitabu cha Mpelelezi Chini ya Mto wa Mwanangu

Nawaandikia ninyi, wamama wa Baraka mjini, ninyi wa Fizi kule mlimani, wa Mboko, wa Lweba, wa Sebele, na ninyi wa Ubwari ambao gazeti letu huwafikia kwa mtumbwi, mara nyingine likiwa limelowa maji ya ziwa. Juma hili niliombwa niandike juu ya watoto na kusoma nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo tunayoyajua sote: taa ya sola, kaye, mtoto asikose kufanya kazi ya shule. Mwenzetu mmoja wa kamati akaniambia, "Hayo tumeshayasikia. Andika lile lililokupata." Basi nawaandikieni lililonipata.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa natoa magodoro nje yapigwe na jua, kama tunavyofanya sote mvua ikipumzika. Nilipoinua mto wa kijana wangu wa pili, mwenye miaka 15, kikaanguka kitabu. Kilikuwa kichakavu, hakina jalada, kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa nyavu. Ndani yake palikuwa na karatasi ya kaye iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Mwandiko ulikuwa wa mwanangu:

J. 4. K. 2. Mzee kofia, saa 11, hakuniona. M.M. 6. Piki 17, gari 3, watu wenye mizigo 40.

Miguu ikaniisha nguvu. Nikakaa palepale juu ya godoro, nje, majirani wakipita na kunisalimia, nami siwezi kujibu.

Mwenye kusoma haya akiwa mbali na kwetu ataniuliza: mama, karatasi ya mtoto ndiyo ya kukuogopesha hivyo? Lakini ninyi mnajua. Kwetu neno "mpelelezi" si neno la vitabuni. Mtu akiitwa hivyo mbele ya watu wenye bunduki, hapati muda wa kujieleza. Na katika nyumba ya mama yangu neno hilo lina kaburi, ingawa kaburi lenyewe hatujui liko wapi.

Mwaka 1996, tulipokimbia kuelekea ziwani, kaka yangu mkubwa alisimamishwa kwenye barieri. Alikuwa na miaka 19. Sitasema walikuwa watu wa upande gani. Waliopita njia zile wanajua kwamba barieri zilikuwa nyingi. Walimpekua wakakuta mfukoni karatasi yenye herufi na hesabu. Ilikuwa orodha ya wavuvi waliokuwa wanadaiwa na baba, maana kaka ndiye aliyekuwa akikusanya madeni ya ndagala. Aliandika herufi za mwanzo tu za majina, ili mtu asione aibu ya deni lake ikisomwa na wengine. Wakamwuliza, "Hizi ni alama za nani? Unampelekea nani?" Mama alipiga magoti na kueleza. Sisi wengine tuliruhusiwa kupita. Yeye alibaki.

Tulivuka mpaka Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, nikakulia huko. Hadi leo, kabla mtoto hajasafiri, hata akienda Fizi mara moja tu na kurudi, mimi humpekua mifuko. Watoto wangu hudhani ni ukali wa mama. Sikuwahi kuwaambia sababu.

Kwa hiyo nilipoiona karatasi ile, sikuona mchezo. Nilimwona kaka yangu.

Sikumwuliza kijana siku ile. Niliogopa jibu. Nikaichukua karatasi nikaiweka kwenye kitambaa cha kiunoni, kitabu nikakificha chini ya debe la unga wa muhogo. Nikajiambia: leo usiku nitakisoma mimi mwenyewe, nijue ni nani anayemfundisha mwanangu kazi hii.

Kitabu kilikuwa Kikosi cha Kisasi, cha marehemu Elvis Musiba wa Tanzania. Baadhi yenu mnamfahamu, hasa tuliopita Nyarugusu na Lugufu, maana hadithi zake zilipita mkono kwa mkono kule Tanzania kama chumvi. Kitabu chake cha kwanza, Kufa na Kupona, kilitoka mwaka 1974. Shujaa wake ni Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania: hodari, mjanja, mpenda nguo nzuri, na mpenda wanawake wazuri pia. Zilikuwa zama zile Afrika Kusini ilipokuwa bado chini ya makaburu, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa kusini walipita pale. Hivyo wapelelezi wa kweli walikuwepo, na Musiba akamtengeneza wake wa hadithi, anayewatetea wapigania uhuru dhidi ya maadui zao.

Katika Kikosi cha Kisasi Willy Gamba anatumwa Kinshasa. Ndiyo, wamama, Kinshasa yetu, wakati ule nchi ikiitwa Zaire. Mimi Kinshasa sijafika. Kutoka hapa Baraka, Kigoma ndiyo iliyo karibu nami kuliko mji mkuu wangu mwenyewe. Mara nikajikuta nazunguka Kinshasa usiku, tena kwa Kiswahili, nimekaa juu ya kigoda jikoni, taa ya sola imening'inia kwenye msumari.

Sasa niwaambieni ukweli wenye aibu kidogo. Nilianza kusoma kama askari anayepekua mzigo. Kufika ukurasa wa kumi nilikuwa nimesahau ninachotafuta. Moyo ulikuwa unadunda. Nilikuwa namwambia Willy Gamba kwa sauti, "Usiingie mlango huo!" Bwana yangu akaniita kutoka chumbani akauliza naongea na nani. Nikamjibu, "Na panya."

Usiku wa pili nikaunguza maharage. Usiku wa tatu taa ikazimika saa sita, nikawasha simu nisome kwa mwanga wake mpaka betri ikaisha. Asubuhi nikafika kwenye mkutano wetu wa likelemba macho mekundu, wenzangu wakaniuliza kama nina msiba.

Tangu niache shule sikuwa nimesoma kitabu kizima kwa kutaka mwenyewe. Nilisoma dawa, nilisoma ripoti za chama, nilisoma barua za shule za kudai franka. Kusoma kwangu kulikuwa kazi, kama kuteka maji. Kitabu hiki kilinikumbusha kwamba niliwahi kuwa msichana aliyejificha nyuma ya hema la kambini na kitabu cha kuazima, akaitwa mara tatu asisikie. Nilifurahi, wamama. Nilifurahi hadi nikaona haya, maana furaha hiyo ilitoka mahali palepale palipokuwa na hofu yangu.

Halafu furaha ikageuka. Katika hadithi kama hizi watu hufa wengi, na wengine hufa bila hata jina. Mlinzi wa mlangoni, dereva, mpeleka habari: risasi moja, na hadithi inaendelea. Mwanzoni nami niliendelea nayo. Usiku wa nne nikasimama. Nikajiuliza: huyu aliyeanguka hapa, nani anamsubiri nyumbani? Nani kamwekea chakula? Nikaanza kumtafuta mama wa Willy Gamba mwenyewe. Katika kurasa nilizozisoma, maana chache zilikuwa zimechanika, sikumwona. Nikafunga kitabu nikalia. Nililia kilio cha mwaka 1996, ambacho siku ile sikukilia kwa sababu tulikuwa tunakimbia.

Simlaumu mwandishi. Angemweka mama katika kila kifo, kitabu kisingekwisha, na hakuna kijana angekisoma. Hadithi ya upelelezi ina mwendo wake. Ikisimama kuzika, inakufa. Lakini nilielewa kitu: lile ambalo kitabu kinaliacha, ni kazi yangu mimi mama kulijaza.

Jumapili jioni nilimwita kijana tukaanike ndagala pamoja. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Hilo tulirithi kwa bibi zetu. Sikumwonyesha karatasi. Nilimwuliza tu, bila kumtazama, "Je, Willy Gamba alitoka salama Kinshasa?"

Aliduwaa. Kisha akacheka, mpaka ndagala zikamwagika. "Mama, umekisoma?"

"Nimefika katikati. Usiniambie mwisho."

Tukaongea kitabu mpaka giza likaingia. Alinieleza kwamba alikiazima kwa rafiki yake, ambaye baba yake alirudi nacho kutoka Nyarugusu wakati wale wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia mwaka 2005. Ndipo nikaitoa karatasi kiunoni. Sura yake ikabadilika, lakini hakukimbia. Akaanza kunisomea.

J. na K. na M.M. ni wenzake wa shule. Wana mchezo: ukimfuata mtu sokoni bila yeye kukuona, unapata alama. Mzee kofia ni mwalimu wao wa hesabu. Kumfuata mwalimu hadi nyumbani kwake saa 11 jioni bila kuonekana ni alama nyingi. Nikacheka nami, ingawa nilimwonya kwamba mwalimu naye ana haki ya kutembea kwa amani.

"Na piki 17?" nikauliza. "Gari 3? Watu wenye mizigo 40?"

Akanyamaza. Akaendelea kupanga ndagala moja moja, kama mtu anayezihesabu.

Kisha akasema. Kuna mtu, si wa hapa kwetu, aliyewakuta wakicheza mchezo wao. Aliwasifu kwamba wana macho makali. Akawaambia kuna mchezo mkubwa zaidi: wakae njia panda fulani baada ya shule, wahesabu kinachopita na kinaelekea wapi, naye atawapa unite za simu. Wenzake wawili walikataa. Wangu alihesabu siku moja. Karatasi hakuwa ameipeleka bado.

"Ulidhani ni nini?" nikamwuliza.

"Nilidhani ni kama kitabuni, mama."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za mjomba wake. Sikufupisha. Nilimweleza barieri, karatasi, herufi za wavuvi, magoti ya bibi yake. Nilimweleza kwa nini nampekua mifuko. Kijana wangu ni mrefu kuniliko sasa, lakini jioni ile alilala kichwa mapajani kwangu kama mtoto wa miaka mitano, mikono yake ikinuka samaki, na hatukusema lolote kwa muda mrefu.

Karatasi tuliitia jikoni kwenye makaa. Bwana yangu, nilipomweleza usiku, alitaka kitabu nacho kifuate. Nilimwambia, "Baba watoto, kitabu hakikumtuma mtoto njia panda. Aliyemtuma ni mtu. Na bila kitabu hiki mtoto asingenifungulia mdomo." Alifikiri, akakubali. Asubuhi alikwenda na shemeji yangu kwa wazazi wa wale vijana wengine, nyumba kwa nyumba, bila kelele. Watoto walipewa jibu moja la kusema wakiulizwa tena: "Wazazi wamekataa." Jibu fupi, halimtukani mtu, na linamwonyesha anayeuliza kwamba watu wazima wameshajua. Kwa muda fulani hakuna aliyetembea peke yake kutoka shule. Mtu yule hakuonekana tena. Nimesubiri muda wa kutosha kabla ya kuandika haya, na mahali nimepaficha makusudi.

Baadaye nilitafuta kujua sheria inasemaje, nanyi mnapaswa kujua. Sheria ya kumlinda mtoto nchini kwetu, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumwandikisha au kumtumia mtoto aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi lolote lenye silaha, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Nako duniani kuna Kanuni za Paris za mwaka 2007, zilizokubaliwa na nchi nyingi. Kanuni hizo zinasema mtoto anayetumiwa na wenye silaha si yule mwenye bunduki peke yake. Mpishi ni yeye pia. Mbeba mizigo ni yeye. Mpeleka habari, mpelelezi, msichana anayechukuliwa kwa uovu wa mwili: wote wanahesabiwa sawa, na wote wanastahili kulindwa kwanza kama watoto waliodhulumiwa.

Hilo lina maana mbili kwetu. Ya kwanza: mama usidanganyike ukisema, "Wangu hana silaha, anahesabu tu, anapeleka kikaratasi tu, anapika chai tu." Kazi ndogo ndiyo mlango. Ya pili: ikiwa mtoto wa jirani amekwisha ingia mlango huo, tusimwite mpelelezi. Neno hilo likitoka mdomoni mwetu sokoni, huenda likafika kwenye barieri kabla yake. Tumwite mtoto, tumtafutie wanaoshughulika na ulinzi wa watoto, na tukae na mama yake, maana yeye ndiye anayekosa usingizi.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa mtaa wetu habari za Willy Gamba, alicheka akasema, "Binti yangu, unahangaika na wapelelezi wa vitabuni? Hapa petu walipita wa kweli." Nanyi mliozaliwa na wazee wa mwaka 1965 mmesikia hayo. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Che Guevara, aliyekuwa waziri kule Kuba, alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma na kushukia Kibamba, upande wetu, kuja kuwasaidia waasi wa wakati ule. Alikuja kwa siri. Alibadilisha sura, na wengi wa waliompokea waliambiwa kwamba ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Jina lake la siri lilikuwa neno la Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili waliomtangulia kwa hesabu waliitwa Moja na Mbili. Upande wa pili, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilileta marubani na mashua za kulinda ziwa. Mwezi wa Septemba mamluki wakashuka karibu na Baraka, wakapigana hapa. Mwezi wa Novemba Tatu na watu wake wakavuka ziwa tena, wakaenda zao.

Mtu angeweza kuandika riwaya kumi kwa habari hizo, na mashujaa wake wote wangekuwa wageni. Mimi namfikiria kijana mmoja. Anaitwa Freddy Ilanga, mtoto wa mashariki mwa Kongo, wa umri wa wanafunzi wetu wa sekondari. Alipewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Mtoto aliyechaguliwa kwa sababu ya ulimi wake, kama wangu alivyochaguliwa kwa sababu ya macho yake. Vita vilipokwisha alipelekwa Kuba, akabaki huko. Alisoma akawa daktari wa kupasua ubongo wa watoto. Kazi njema, sina la kusema. Aliyafunua maisha yake kwa mtafiti mmoja, Katrin Hansing, aliyetengeneza filamu juu yake. Sauti za ndugu zake wa Kongo alizisikia tena baada ya karibu miaka 40, na akafariki Kuba mwaka 2005.

Karibu miaka 40, wamama. Huyo alikuwa na bahati: alisoma, akaheshimiwa, akaponya watoto wa wenzie. Hata hivyo, hebu hesabuni milo ya jioni ndani ya miaka hiyo. Katika vitabu vya historia vya Tatu, Freddy ni mstari mmoja au miwili. Nyumbani kwao alikuwa nafasi tupu kwenye mkeka.

Nimerudi kwenye kitabu changu, maana kilibaki nusu. Tulikimaliza pamoja, mimi na kijana. Yeye anasoma kwa sauti wakati mimi natwanga sombe. Nikichoka, napokea kitabu naye anapokea mchi. Tulikubaliana sharti moja. Mtu akifa katika hadithi bila jina, tunasimama kidogo, na mmoja wetu anampa jina na kusema nani alikuwa anamsubiri. "Huyu dereva ana mke ambaye ni muuza mandazi." "Huyu mlinzi mama yake ni mgonjwa, alitaka kumtumia pesa." Mwanzoni ilikuwa kama mzaha. Sasa kijana ndiye anayesimama kabla yangu. Na msidhani imeondoa utamu. Hofu inazidi, maana sasa kila anayefungua mlango ni mtu.

Nilipoleta habari hii kwenye mkutano wetu, mabishano yalikuwa makubwa kuliko siku ya kugawa likelemba. Mwenzetu mmoja alisema vitabu vya namna hii havifai: pombe, bunduki, na wanawake wanaonyeshwa kama mitego ya kunasia wanaume. Ana haki, na mimi kuna kurasa nilizozisoma nimekunja uso. Mwingine akajibu kwamba vijana wetu wanaona mabaya zaidi kwenye simu zao usiku, na huko hakuna mama anayesoma pamoja nao. Mama mmoja mzee, ambaye huwa haongei, akauliza swali moja: "Huyo Willy, mnaweza kunisomea? Mimi macho yangu hayaoni tena." Tukamsomea sura moja palepale, tukiwa tunapepeta mchele. Alisikiliza amefumba macho. Tulipofika mahali pa hatari akasema, "Mpumbavu wewe, geuka nyuma!" Tukacheka wote, hata yule aliyekipinga.

Kwa hiyo nina maombi machache, si amri.

Ukikuta kitabu chini ya mto wa mwanao, usikichome na usikirushe. Kisome kwanza wewe. Kama hujui kusoma, mwambie akusomee. Mtoto hufurahi kumfundisha mama yake. Halafu mwulize juu ya watu wa ndani ya kitabu kabla ya kumwuliza juu yake mwenyewe. Ni nani uliyempenda? Ungekuwa wewe ungeingia mlango ule? Nani alikutuma, na yeye mwenyewe yuko wapi wakati wewe uko hatarini? Swali hilo la mwisho ndilo lililomgusa wangu. Alifikiri sana kisha akasema, "Anayetoa unite hakukaa njia panda na sisi."

Na lingine ni gumu zaidi. Waambieni watoto habari zenu. Sisi tulionyamaza tulidhani tunawalinda. Kumbe tuliwaacha wajifunze neno "mpelelezi" kutoka kitabuni peke yake, ambako ni neno zuri, lenye koti na gari la mbio. Kitabu kiwape utamu wake, sisi tuwape uzito wake. Mtoto anaweza kubeba vyote viwili, wangu anavibeba.

Mama yangu bado yu hai. Juma lililopita kijana alimwendea mwenyewe, bila kutumwa, akamwomba amsimulie habari za mjomba. Nilikuwa nje nasikia. Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akaanza, na hakuanza na barieri. Alianza na jinsi kaka alivyokuwa akiimba vibaya alipokuwa anatengeneza nyavu, na jinsi alivyopenda ukoko wa ugali. Mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau.

Kitabu kimepata jalada jipya la karatasi ya mfuko wa simenti, na uzi wa nyavu tumeukaza. Mwenyewe ametuachia kwa sharti kirudi kizima. Sasa kinazunguka kama likelemba: kila mama majuma mawili, asome mwenyewe au asomewe na mwanawe. Sharti ni moja, asiyefuata anatozwa ndagala za kikombe kimoja: usimwambie mwenzako mwisho.

Zamu inayofuata ni ya Mboko. Nani atakipokea?